Windows, Linux ao Mac: kijana anayeandika programu Goma achague nini?

GOMA – Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilimaliza utunzaji wa kawaida wa Windows 10. Mwenye kutaka kuendelea kupata marekebisho ya usalama anapaswa kujiandikisha, na hata muda huo wa nyongeza unaisha Oktoba 2026. Katika maofisi makubwa ya Ulaya, watu waliagiza mashine mpya na kazi ikaendelea. Katika mtaa wa Birere, ambako laptopu nyingi zinazouzwa zilikwisha kutumiwa na watu wengine kabla ya kufika Kongo, habari hiyo iligeuka kuwa swali la pesa.

Vijana wengi wa mji huu wanajifunza kuandika programu. Wamo wenye diploma ya serikali ambao hawakupata pesa ya chuo kikuu, na wamo wanafunzi wa informatike ambao masomo yao yalikatizwa na vita. Wamo pia watoto wa familia zilizokimbia Masisi, Rutshuru na Nyiragongo, ambao wanaona kwamba kazi hii haiombi shamba wala duka. Inaomba mashine, umeme na mega kidogo. Ndiyo maana mashine ikisemwa kuwa imezeeka, nyumba nzima inashtuka.

Hivyo ndivyo ilivyomfikia dada mmoja wa miaka 22, mzaliwa wa Sake. Familia yake ilikimbia mapigano mwanzoni mwa 2024, ikakaa kambi ya Bulengo, na tangu watu walipoondoka kambini Februari 2025 inaishi kwa shangazi, watu tisa katika vyumba viwili. Mama yake anauza makala kwa vipimo vidogo. Kwa pesa ya makala hayo, pamoja na mchango wa shangazi, walimnunulia laptopu ya dola 130. Ina prosesa ya Intel Core i3 ya kizazi cha 4, RAM ya giga 4, na disiki ya zamani ile inayozunguka. Ndani yake mlikuwa Windows 10.

Aliporudi kwa muuzaji kuuliza juu ya ule ujumbe uliokuwa ukitokea kwenye kioo, alijibiwa bila kuzunguka: «Dada, hii mashine wakati wake umepita. Ongeza dola 80, nikupe ile inayokubali Windows 11.»

Dola 80 ni magunia ya makala. Mama alisema watatafuta. Msichana aliomba siku chache, akaenda kwanza kumuona mwalimu aliyemfundisha informatike sekondari. Mzee huyo hakumwambia nunua wala usinunue. Alimuuliza swali moja: «Binti, kazi yako unaiandikia hapa, lakini inaenda kuishi wapi?»

Mfumo endeshi ni nini

Mfumo endeshi ni ile programu kubwa inayoamsha mashine na kuongoza programu zingine zote. Bila huo, laptopu ni plastiki na chuma. Kwenye kompyuta za mezani na za kubeba, jamaa kubwa ni tatu. Windows ya Microsoft ilitoka mara ya kwanza mwaka 1985. Mac ya Apple, katika umbo lake la leo, inatoka kwenye Mac OS X ya mwaka 2001. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland aliyekuwa na miaka 21 wakati huo. Kiini chake kinatolewa bure, na mtu yeyote ana ruhusa ya kukisoma, kukinakili na kukigeuza.

Juu ya kiini hicho watu mbalimbali wamejenga mifumo yao: Debian, Fedora, Mint na mingine mingi. Mmoja unaojulikana sana ulitolewa mwaka 2004 na kundi la Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, nao unaitwa Ubuntu. Jina hilo halihitaji kutafsiriwa sana kwa mtu wa Kivu: ni utu, kwa lugha za Wazulu na Waxhosa.

Windows: inajulikana, lakini inaomba mashine yenye nguvu

Windows ina faida ambayo hakuna anayeweza kuikana: kila mtu anaijua. Mwenye nyumba ya fotokopi anaijua, fundi wa Birere anaijua, na ofisi inayotafuta mtu wa kazi inataka Word na Excel. Programu nyingi za uhasibu zinazotumika katika maduka na mashirika zimeandikwa kwa ajili yake. Mtu anayejifunza lugha ya C# kwa kutumia Visual Studio kamili hana njia nyingine, kwa sababu programu hiyo ni ya Windows. Isichanganywe na VS Code, ambayo ni nyepesi zaidi na inafanya kazi kwenye jamaa zote tatu.

Tangu 2016, Microsoft yenyewe iliingiza ndani ya Windows njia ya kutumia Linux, inayoitwa WSL. Mwenye mashine nzuri anaweza kufungua Word upande huu na vyombo vya Linux upande ule, bila kuzima na kuwasha. Lakini mambo hayo mawili yanagawana RAM ileile. Kwenye giga 16 hakuna shida, lakini kwenye giga 4 mashine inakuwa kama basi dogo lililopakiwa hadi juu ya paa.

Windows 11 inaweka pia masharti mlangoni: RAM ya giga 4 angalau, nafasi ya giga 64 kwenye disiki, kidude cha usalama kinachoitwa TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel karibu zote ziwe za kizazi cha 8 kwenda mbele. Mashine ya dada huyu, yenye kizazi cha 4, imekataliwa na sharti hilo peke yake. Kuna mafundi wanaojua kulazimisha, lakini Microsoft haitoi ahadi kwamba mashine iliyolazimishwa itaendelea kupata marekebisho.

Kisha kuna leseni. Kwenye duka la Microsoft huko Marekani, Windows 11 ya nyumbani inauzwa dola 139, ambazo zinapita bei ya laptopu yenyewe. Ndiyo maana nakala zilizovunjwa zimejaa mjini. Mtu anayeweka nakala kama hiyo hajui ni nani aliyeivunja wala aliacha nini ndani. Kwa anayeandika programu, hatari hiyo inawafikia pia wateja wake, kwa sababu maneno yao ya siri yanapita kwenye mashine yake.

Mac: chombo kizuri, bei ya mbali

Mac haiwezi kudharauliwa. Chini ya sura yake nzuri kuna mfumo wa jamaa ya Unix, kwa hiyo vyombo vingi vya seva vinafanya kazi humo karibu sawa na kwenye Linux. Tangu Apple ilipotoa prosesa yake ya M1 mwishoni mwa 2020, betri zake zinakaa sana: kwa MacBook Air ya mwaka huo, kampuni ilitangaza hadi masaa 18 ya kutazama video. Katika mtaa ambako umeme unaweza kupotea asubuhi na kurudi usiku, huo ni msaada mkubwa.

Lakini MacBook Air hiyo ilianza kuuzwa kwa dola 999 huko Marekani, na RAM yake haiongezwi baadaye kwa sababu imefungwa ndani. Mac za zamani zenye prosesa za Intel, ambazo ndizo zinashuka bei, nazo zinakaribia mwisho: Apple imetangaza kwamba macOS Tahoe ya mwaka 2025 ndiyo ya mwisho kuzikubali.

Kuna kazi moja ambayo inalazimisha Mac, nayo ni kutengeneza programu za iPhone. Chombo cha Apple cha kazi hiyo, Xcode, kinafanya kazi kwenye Mac tu, na kuweka programu kwenye duka lao kunalipiwa dola 99 kila mwaka. Kwa Android, anayetaka kuingia duka la Google analipa dola 25 mara moja, na chombo chake, Android Studio, kinakubali Windows, Mac na Linux. Simu nyingi zinazoonekana mikononi mwa watu wa Goma ni za Android. Hata hivyo Android Studio inaomba RAM ya giga 8 angalau, kwa hiyo mwenye giga 4 asijidanganye.

Linux: bure kwa pesa, lakini inaomba uvumilivu

Swali la yule mwalimu lilikuwa na jibu. Dada huyu anatengeneza kurasa za intaneti na programu ndogo za hesabu ya dawa kwa mafarmasia wawili. Anaandika kwa PHP na Python. Kazi hizo haziishi kwenye laptopu yake. Zinaishi kwenye seva ya kukodi, na seva nyingi za intaneti duniani zinaendeshwa na Linux. Hata simu ya Android iliyo mfukoni mwa mteja imejengwa juu ya kiini hichohicho.

Tofauti hiyo ilikuwa imemletea shida mwezi mmoja kabla. Ukurasa wa farmasia ulikuwa unaonekana vizuri kwenye mashine yake, picha zote zipo. Alipoupeleka kwenye seva, nusu ya picha zilipotea. Alitafuta siku mbili na kumaliza mega. Kisa kilikuwa herufi moja: faili lilikuwa linaitwa «Dawa.png», naye aliandika «dawa.png». Kwa Windows, majina hayo mawili ni kitu kimoja. Mac pia kwa kawaida inayachukua kuwa sawa. Kwa Linux ni mafaili mawili tofauti, na lile la pili halikuwepo. Kuna mitego mingine ya aina hiyo: alama inayotenganisha folda imelala upande mwingine, na mwisho wa kila mstari wa maandishi unaandikwa tofauti. Anayefanyia kazi kwenye Linux anakutana na makosa hayo nyumbani, kabla mteja hajapiga simu.

Mwalimu alimpa flashi yenye Linux Mint, ile ya sura nyepesi inayoitwa Xfce. Faili lake ni giga 3 hivi. Linapakuliwa mara moja, kisha linanakiliwa kutoka flashi hadi flashi bila kumaliza mega za mtu mwingine, na sheria inaruhusu. Mashine iliamshwa kutoka kwenye flashi bila kugusa kitu kwenye disiki. Katika siku tatu za kujaribu, alihakikisha kwamba wifi inashika, sauti inatoka, na mafaili yake yanafunguka. Windows 10 ilikuwa ikichukua zaidi ya giga 2 za RAM kabla hajafungua chochote. Mint ilichukua kama giga 1, na nafasi iliyobaki ikawa ya kazi.

Python ilikuwa tayari ndani, na PHP aliiweka kwa mstari mmoja wa maandishi katika terminali. Hata Docker, chombo cha kufungia programu pamoja na vyote inavyohitaji, inakaa juu ya Linux moja kwa moja. Kwenye Windows na Mac inapaswa kwanza kujenga Linux ndogo ndani ya mashine, na hiyo inakula RAM.

Haikuwa asali tupu. Printa ya nyumba ya fotokopi alikokuwa akipata vibarua ilikataa kuongea na Mint. Barua ya Word iliyofunguliwa kwa LibreOffice ilipoteza mpango wake, meza zikasogea, na mteja akalalamika. Mashine zingine zina kadi za wifi ambazo Linux haizitambui hadi mtu atafute programu yake, na namna ya kuitafuta bila wifi ni mtihani mwingine. Tena, ukikwama na Windows, jirani atakusaidia. Ukikwama na Linux, unaweza kuuliza mtaa mzima usipate mtu. Juma la kwanza dada huyu alimwambia mama yake kwamba amejuta. La tatu alikuwa ameacha kulalamika, ila kazi za Word anazifanyia bado kwa rafiki yake mwenye Windows.

Zile dola 80 hazikutoka. Kwa dola 12 alinunua kipande cha RAM cha giga 4 kilichotumika, fundi akakiingiza, na mashine ikawa na giga 8. Sasa anapanga kubadilisha disiki aweke SSD, jambo ambalo kwa mashine ya zamani linaleta mwendo kuliko kubadilisha mfumo wowote.

Wakati wa kukimbia

Ulinganifu mwingi wa mifumo hii umeandikwa na watu wanaojua watalala wapi kesho. Kivu ina kipimo kingine. Katika mapigano ya mwisho wa Januari 2025, kuna vijana walioacha laptopu ndani ya nyumba wakakimbia na watoto mgongoni. Wengine walinyang'anywa njiani. Mmoja wao, jirani wa dada huyu, alipoteza kazi ya mwaka mzima kwa sababu yote ilikuwa ndani ya disiki moja. Mwingine wa mtaa huohuo alipoteza mashine lakini si kazi. Alipopata kompyuta ya kuazima baada ya miezi miwili, alivuta kila kitu kutoka intaneti na kuendelea pale alipoishia.

Aliyemwokoa huyo wa pili ni Git, chombo cha kutunza historia ya maandishi ya programu, ambacho Torvalds huyohuyo alikianzisha mwaka 2005. Kila unapomaliza sehemu ya kazi, unaiandikisha, kisha unaipeleka kwenye hifadhi ya mbali. Yanayosafiri ni mabadiliko tu, mara nyingi kilobaiti chache, ambazo hata mtandao dhaifu unaweza kubeba. Git inafanya kazi sawa kwenye Windows, Linux na Mac. Kwa hiyo mwenye Windows asiyeweza kuiacha yuko salama kuliko mwenye Linux asiyetunza nakala.

Linux inaongeza kitu kimoja hapo. Flashi iliyotengenezwa kwa namna ya kuhifadhi mabadiliko inabeba mfumo mzima pamoja na kazi ya mtu. Ukiichomeka kwenye mashine ya jamaa mwenye nyumba, unafanya kazi yako, unazima, unaichomoa, na mashine yake inabaki kama ilivyokuwa. Mtu aliyekimbilia Bukavu, Kisangani ao ng'ambo ya mpaka anaweza kuanza tena kabla ya kupata laptopu yake mwenyewe. Kinachotakiwa ni kufunga flashi hiyo kwa neno la siri, maana inapotea haraka kama inavyobebeka.

Kwa familia zinazotaka kununua

Kabla ya kutoa pesa, ulizeni mtoto anataka kutengeneza nini, na kazi hiyo itaishi wapi. Anayejifunza kurasa za intaneti, Python ao kazi za seva anaweza kuanza na mashine ya zamani yenye Linux. Anayetafuta kazi ya ofisi ao uhasibu abaki na Windows, lakini anunue mashine ya kizazi cha 8 ao zaidi ili asirudi sokoni mwaka kesho. Programu za simu za Android zinaomba giga 8 angalau, na 16 ni bora. Za iPhone zinaomba Mac, na mwenye uwezo huo hahitaji ushauri wa bei.

Muuzaji akisema mashine imekufa, muulizeni ni sharti gani imekosa. Prosesa iliyokataliwa na Windows 11 haijaharibika. Angalieni kama RAM inaweza kuongezwa. Jaribuni Linux kutoka kwenye flashi mkiwa palepale dukani: wifi, sauti, kibodi, betri. Disiki ikiwa na nafasi, inawezekana kuweka mifumo miwili, na kuchagua kila mara mashine inapowaka. Na kabla fundi hajagusa disiki, nakilini kwanza picha, vyeti na makaratasi ya familia mahali pengine. Kwa watu waliokwisha kupoteza nyumba, mara nyingi ndiyo yaliyobaki.

Dada wa Sake amepata mteja wa tatu, farmasia nyingine ya mjini. Mama yake bado anauza makala, na nusu ya malipo ya kwanza ya kazi hiyo ilinunua magunia mawili.